Maziwa ya Kefa

Machimboni, Ikungi
14 Mei 2023

Dada Yunisi, shikamoo.

Usishtuke kuona karatasi badala ya sauti yangu. Najua utasema mdogo wako amekuwa mtu wa zama za babu, simu anayo na vocha zinauzwa kila kibanda. Ila hapa karashani mashine inasaga mawe ya dhahabu tangu asubuhi mpaka jioni, na kelele yake haiishii masikioni, inaingia mpaka kwenye meno. Ukinipigia nasikia "Kefa, Kefa," basi, mengine yote yanasagwa pamoja na mawe. Na ninyi wa Ilongero mkishika simu hamwongei, mnaita kama mnayeongea naye yuko ng'ambo ya bonde na ng'ombe. Kwa hiyo tuandikiane. Dereva wa ile gari ya abiria, Noah, inayotoka huku kwenda Singida mjini ni rafiki yangu. Ataacha barua dukani kwa Tanvir, yule muuza vipuri vya baiskeli karibu na stendi, na vijana wenu wa bodaboda watakuletea. Kidumu cha maziwa kinapita njia hiyo hiyo kila wiki na hakijawahi kupotea, sembuse karatasi.

Maziwa yamefika. Mgando mzito, wa kula na kijiko. Umeniuliza kazi: duarani, kule shimoni, sishuki tena. Nimechoronga mwamba chini kule miaka ya kutosha, sasa wachoronge wenye magoti mapya. Hosea, mwenye karasha, amenipa kazi ya juu. Mawe yakishasagwa yanatoka unga laini kama sembe, mimi nakinga, najaza kwenye viroba, nafunga. Jioni nikitoka hapo ni mweupe kuanzia kope hadi kucha. Watoto wa mama lishe wananiita Mzungu, wananiomba pipi.

Umeniuliza na kifua. Kifua kiko salama. Ile dozi ya kifua kikuu niliimaliza, ya kwanza na ya pili, na maziwa yako ndiyo yamemalizia kazi. Hapa kila mtu anajua hivyo: vumbi linaingia, maziwa yanalisukuma, linatoka. Wasio na dada mwenye ng'ombe wananunua ya pakiti, wanakunywa huku wananung'unika. Mimi nikinywa bakuli langu asubuhi nasikia kabisa kifua kinafunguka kama mlango uliotiwa mafuta. Usiku nalala usingizi wa mtoto.

Msalimie shemeji Antipasi, mguu wake unaendeleaje? Msalimie Calist na Selina. Usiwe na wasiwasi na mimi.

Mdogo wako,
Kefa


Ilongero
4 Juni 2023

Mdogo wangu Kefa,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, halafu nikamsomea Antipasi, akacheka hapo kwenye Mzungu mpaka akasahau mguu. Mguu wenyewe ni ule ule. Anafika zizini kwa fimbo na kurudi, basi, siku yake imeisha.

Nimefurahi, Kefa. Nakuambia ukweli, tangu mkeo arudi kwao Mkalama nimekuwa nikikuwaza umelala peke yako kwenye kibanda, unakohoa, hakuna hata wa kukupa maji. Sasa unaniambia kifua kimefunguka! Jumapili baada ya ibada niliwasomea kina mama pale uliposema habari za maziwa. Wote wakapiga vigelegele. Dorkas tu, yule ambaye mumewe alirudishwa kutoka machimboni amebebwa, ndiye ambaye hakupiga. Mwishoni akasema mumewe hakuwa mnywaji wa maziwa, hata kwenye chai alikuwa hataki. Tukatazamana. Tukaona basi, sababu ndiyo hiyo.

Sasa ya kwetu. Alizeti mwaka huu imetutia aibu. Mvua ilikata pale pale ilipotaka kuweka mbegu, vichwa vikakauka vitupu, tumekata mabua ya kuwashia moto. Uwele kidogo upo. Calist amemaliza kidato cha nne, cheti chake nimekiweka na vitenge vyangu, na hapo ndipo kilipoishia. Pikipiki aliyokuwa anaendesha, mwenyewe ameichukua. Anashinda amekaa ukutani anakata kucha. Kefa, kijana wa miaka ishirini na moja ana kucha ngapi za kukata?

Mwaka mzima ananiomba aje kwako na mwaka mzima namkatalia, kwa sababu ya kifua chako na ya mume wa Dorkas. Barua yako imenitoa hofu. Nimemwambia aende. Tukimaliza kupiga huo uwele atakuja. Yule ng'ombe mwekundu nimesema hauzwi, hata njaa iingie. Maziwa yake ni yenu wawili, wewe na Calist. Selina na baba yake watakunywa chai ya rangi, hawatakufa.

Dada yako,
Yunisi


Machimboni
18 Juni 2023

Dada, shikamoo.

Kalamu hii nimeazima, kwa hiyo sitazunguka. Calist asije.

Huku si mahali pa kijana. Maji ya kunywa tunauziwa bei ya soda. Jumamosi watu wakilewa wanakatana mapanga kwa ajili ya wanawake ambao hata majina yao hawayajui. Na kazi zenyewe zimekwisha, maduara mengi yameingia maji, yamefungwa. Hosea anapunguza watu. Nimemwulizia habari za Calist, amesema hana nafasi, labda mwakani.

Mpeleke kwa Tanvir, huenda anahitaji mtu wa kubeba mizigo dukani. Au atafute pikipiki nyingine. Au akae tu nyumbani. Msimu mmoja wa kukaa si aibu, hata sisi tulikaa.

Mimi sijambo. Kifua hakina neno. Na maziwa msinitumie mengi hivyo, Selina naye anakua.

Kefa


Ilongero
2 Julai 2023

Kefa,

Barua hii anakuletea Calist mkononi mwake, kwa hiyo ukiisoma yeye yuko mbele yako. Mtazame vizuri. Ni yule uliyemfundisha kuendesha baiskeli.

Sikutegemea haya kutoka kwako. Eti Hosea anapunguza watu! Rafiki yako dereva wa Noah alisimama dukani kwa Tanvir wiki iliyopita, mbele ya Calist, akasema Hosea anatafuta wawili wenye nguvu wa kujaza viroba, leo kesho. Sasa uongo wa nini, mdogo wangu? Nimekaa nikafikiri nikaona ni kitu kimoja tu. Umepata mahali pazuri, pa juu, pasipo giza la duara, na unaogopa mtoto wa dada yako atakula kwenye sahani yako.

Mama alipofariki mimi ndiye niliyekubeba mgongoni nikienda kuteka maji. Sikusema mgongo ni wangu peke yangu. Sitaki kusema zaidi, nitakosea. Mpokee.

Vidumu ni viwili. Chenye kamba nyekundu ni chako.

Yunisi


Machimboni
13 Agosti 2023

Mama, shikamoo. Na Baba mpe shikamoo yangu.

Mimi niko freshi kabisa. Samahani kwa kukaa kimya, mwezi wa kwanza mwili ulikuwa unauma kila kona. Sasa umezoea. Mjomba alinipokea kwa sura ya msiba. Alisoma barua yako, akaikunja, akaiweka mfukoni, akaniambia, "Kula, ulale, kesho unarudi." Nilidhani anatania. Kesho yake kweli akaniitia dereva wa Noah. Nikakataa. Nikaenda mwenyewe kwa Hosea, akanitazama mabega, akasema anza. Mjomba hakuniongelesha wiki nzima, na tunakaa kibanda kimoja!

Kazi ni ile aliyokueleza. Unakinga unga, unajaza, unafunga. Ukipiga kiroba kikae vizuri unatoka moshi mweupe, humwoni hata mwenzako. Najifunga kitambaa puani. Kijana wa Dorkas naye amekuja, kumbe mama yake amemruhusu kwa sababu ya ile barua uliyowasomea kanisani. Tunapiga kazi pamoja. Anakusalimia.

Lakini Mama, kuna jambo. Mjomba hayuko sawa. Analala ameketi, ameegemea ukuta. Nikimuuliza anasema ni joto, na huku Agosti baridi inakata masikio. Kutoka kibandani hadi karashani ni karibu tu, kama kwetu na zizini, ila njiani anasimama mara kwa mara, anainama, anasema anafunga kamba ya kiatu. Mama, anavaa ndala.

Maziwa hanywi. Nikimpa ananitazama kama nimemtukana. Cha kamba nyekundu chote juzi alimpa mbwa wa mama lishe. Nafikiri ile TB imerudi naye anaona aibu kuanza dozi ya tatu. Mwambie wewe, mimi hanisikii. Ila usiseme ni mimi niliyekuambia.

Posho yangu ya kwanza nimempa dereva. Mnunulie Baba dawa ya kuchua, na Selina sare ya shule.

Mwanao,
Calist


Machimboni
10 Septemba 2023

Dada yangu, shikamoo.

Kaa mahali peke yako usome. Usimsomee mtu.

Wiki iliyopita nilikwenda hospitali mjini. Nilimwambia Calist nafuata mkanda wa mashine. Wamenipiga picha ya kifua, daktari akaitundika kwenye mwanga nikaiona. Huhitaji kusoma sana kuielewa. Mahali pa hewa panaonekana peusi, na pangu ni peupe, madoa madoa, kama mtu amenirushia unga ndani. Ni ule ule unga wa mawe. Daktari anasema haikuwa kifua kikuu hata kidogo, makohozi yangu kila mara walipopima hayakuonyesha kitu, ila kwa sababu nilikohoa na kukonda walinipa dozi, ikapita, wakanipa nyingine. Vumbi hili ni la tangu duarani, na karasha limemalizia. Limekaa kwenye mapafu, limeyakakamaza. Halitoki. Nilimuuliza dawa. Akaanza kupangapanga kalamu zake mezani, nikajua.

Nikamuuliza na maziwa. Akasema maziwa yanakwenda tumboni, Dada. Njia ya mapafu ni nyingine kabisa.

Sasa nikuambie lingine. Kelele za mashine zilikuwa kisingizio. Naandika kwa sababu kwenye karatasi sikohoi. Kwenye simu maneno mawili tu ungenisikia, ungepanda gari siku hiyo hiyo. Ile habari ya mlango uliotiwa mafuta niliibuni. Nilikuwa nimekaa nje ya kibanda nashindwa kuvuta pumzi ya kutosha kuinuka, kidumu chako kiko mbele yangu, najua Selina amekunywa chai ya rangi ili nipate mimi. Ningekuambiaje kwamba hayanisaidii? Niliona nikuandikie kitu cha kukufurahisha. Kumbe uliisoma ukamtuma mtoto.

Nilipokuambia kazi zimekwisha nilikuwa namzuia kwa njia ya kijinga, kwa sababu ya kweli niliona haya. Sasa nasema ya kweli. Mwite Calist nyumbani. Na mwambie Dorkas amwite wa kwake. Kitambaa cha puani si kitu, unga huu unapita kwenye kitambaa kama maji kwenye chujio. Mimi nimemwambia Calist kwa mdomo wangu. Ananisikiliza, anaitikia kwa kichwa, asubuhi anakwenda kazini. Anadhani ni ugonjwa unaoniongelesha. Wewe mama yake atakusikia.

Fanya haraka, tafadhali.

Kefa


Ilongero
24 Septemba 2023

Kefa,

Nimekaa na barua yako wiki nzima nikiwa na hasira, na bado ninazo.

Mwezi wa tano kifua kinafunguka kama mlango. Mwezi wa sita Hosea hana nafasi. Mwezi wa tisa mapafu yamejaa mawe. Nimwamini Kefa yupi? Kila barua unakuja na sura nyingine. Na kila mara mwisho wake ni ule ule, Calist aondoke. Dereva wa Noah anasema Hosea anamsifia Calist kwa kila mtu, kwamba anafanya kazi ya watu wawili. Je, si hilo linalokuuma?

Unaumwa, hilo naliamini. TB imekurudia. Inarudi, wanasema, mtu asipokula vizuri, na wewe nimesikia unampa mbwa chakula chako, usiulize nani kaniambia. Daktari mmoja wa siku moja hawezi kujua kuliko wachimbaji wote wa huko ambao wamekunywa maziwa tangu enzi na enzi. Wangekuwa wajinga wote?

Halafu unataka nimwendee Dorkas. Nikamwambie nini? Nilisoma barua yako mbele ya madhabahu, akamtoa mwanawe kwa ajili ya sauti yangu. Leo niende nikamwambie mdogo wangu alikuwa anatufurahisha tu?

Calist ametuletea unga wa mahindi na bati mbili za jikoni. Baba yake amepata dawa. Usinichanganye, Kefa. Anza dozi. Natuma vidumu vitatu.

Yunisi


Machimboni
19 Novemba 2023

Kefa, mdogo wangu,

Selina atakusomea hii kama macho yamechoka. Mwambie asome polepole.

Sijakuomba msamaha. Tangu siku ile dereva alipokuteremsha barabarani nikakubeba mimi mwenyewe mpaka ndani, mwanaume mzima, mwepesi kama debe lisilojaa, nimekuogesha, nimekulisha, nimekaa nawe, na sikusema neno hilo. Nimelibeba hadi huku ndipo limetoka. Nisamehe. Niliamini barua iliyokuwa ya uongo kwa sababu ilikuwa tamu, na ya kweli nikaitupa.

Nimefika tangu Jumatatu. Mama lishe amenipa mahali pa kulala. Hukuniambia kwamba kunapendeza vile, Kefa, jua likipiga kwenye huo unga. Calist alikuja kutoka ndani yake akiwa mweupe wote, anacheka, sikumtambua mpaka aliponiita Mama. Nikamshika mkono nikamwambia panda gari twende. Nilimweleza yote, ya picha, ya dozi, ya maziwa. Nilimfokea mbele ya wenzake. Kesho yake nikalia. Juzi nilipiga magoti, mimi mama yake, kwenye vumbi, watu wanatazama, na yeye akapiga magoti pia kuniinua.

Aliniuliza swali moja. "Mjomba alijua?" Nikasema alijua. "Na alibaki?" Nikasema alibaki. Akasema, "Basi unajua kwa nini nabaki."

Nilikwenda hata kwa Hosea. Nilimwendea kwa ukali, nimepanga maneno. Nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya karasha lake anakohoa kama wewe, amejishika mbavu. Akasema, "Mama, mimi sijamfunga kamba. Mchukue." Halafu akaomba maji. Nimempa maji.

Jambo moja tu nimepata. Calist amekubali kuja kukuona. Nimemwambia asipotaka kutusikia aende akutazame kwa macho, akitoka hapo aamue. Anaogopa akiondoka hata siku moja nafasi yake itachukuliwa, maana vijana wanasubiri pale getini kila asubuhi. Kwa hiyo nimemshikia. Nimejifunga kanga puani na mdomoni, nakinga unga, najaza, nafunga. Usinikasirikie. Ni siku chache tu mpaka arudi kuniambia ameacha, kisha tunaondoka wote. Kijana wa Dorkas ananisaidia kufunga, mikono yangu haijazoea.

Anakuja na barua hii. Mwonyeshe kila kitu. Usimfiche hata kidogo, wala usimtanie. Vua shati aone.

Dada yako anayekupenda,
Yunisi


Ilongero
26 Novemba 2023

Dada, shikamoo.

Hii naandika mwenyewe. Napumzika, naendelea. Calist yuko nje anazungumza na baba yake, ananisubiri nimalize aichukue. Bodaboda imeshafika.

Nilifanya kama ulivyosema. Jana mchana nilivua shati. Nilimwambia aweke mkono mgongoni asikie ninavyovuta hewa na mahali inapogoma. Nikasimama, nikajaribu kwenda mlangoni, sikufika, akanidaka. Nikamweleza kwamba nilianza nikiwa na umri kama wake na mabega kama yake, na kwamba kuacha leo hakuondoi kilichokwisha kuingia, ila kunazuia kingine. Sikutania. Nilimwambia ninaogopa. Sijawahi kumwambia mtu.

Amelia, Dada. Kijana wa watu alilia, kichwa kwenye magoti yangu. Akasema, "Mjomba, nimeamini." Na ameamini kweli, namjua. Anajua yote ninayoyajua mimi. Jana jioni nilikuwa mtu mwenye furaha, nilikuwa naipanga barua ya kukuambia fungasha, njoo nyumbani, tumempata.

Lakini hakuja mikono mitupu. Alipopita mjini alikwenda hospitali, kwa daktari yule yule, akamuuliza mjomba wake anahitaji nini. Daktari akasema hewa. Amekuja na mtungi wa oksijeni wa kukodi, mkubwa, bajaji imeuleta mpaka mlangoni, una mpira unaoingia puani. Ameufunga mwenyewe, akamwonyesha Selina namna ya kuufungua. Usiku nimelala chali. Ni mara ya kwanza tangu mwaka jana. Asubuhi niliamka nikadhani nimepona.

Ndipo akaniambia anarudi. Mtungi ukiisha lazima ujazwe kwa pesa, na haukai muda mrefu. Nikamwambia auze ng'ombe. Akasema ng'ombe aliyebaki ni yule mwekundu, na akiisha yeye? Nikamwambia basi mtungi urudi, siutaki. Akasema, "Mjomba, nimekuona jana ulivyokuwa. Nikae nyumbani nikutazame?"

Nikautoa mpira puani. Nilitaka aone kwamba naweza bila huo, ili asiwe na sababu. Nikaushika mkononi nikamtazama. Alinitazama, hakunigusa. Nilivumilia kadiri nilivyoweza, Dada. Hewa ninayovuta hapa analipia yeye kule karashani, ninajua hivyo, na nilikuwa naliwaza hilo jambo lenyewe wakati mkono wangu unaurudisha. Hakunirudishia mtu. Niliurudisha mwenyewe.

Akasema, "Haya, Mjomba. Andika barua."

Akikufikia toka hapo haraka, usijaze hata kiroba kimoja zaidi. Angalau wewe.

Kefa